Petroli Ilivyofika Visima vya Santa Monica

Agosti 1995, mji wa Santa Monica, California, uligundua kemikali iitwayo MTBE katika visima vyake vya Charnock. Mwaka uliofuata kiwango kilikuwa kimefika mikrogramu 610 kwa lita, na Juni 1996 visima vyote vitano vikafungwa. Karibu nusu ya maji ya mji ikapotea, ikabidi yanunuliwe kwingine. Namba hiyo ya 610 ni kubwa, lakini kinachomtia aibu mpimaji wa maji ni mahali ilipoonekana: kwenye kisima cha kunywa, mwisho kabisa wa safari ya uchafu, wakati safari yenyewe ilianzia chini ya sheli. (Nasema sheli kwa mazoea ya kwetu, ingawa huko Shell yenyewe ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizodaiwa gharama za usafishaji.)

Tangi la chini ya ardhi likishukiwa kuvuja, huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, visivyopungua vitatu. Ukijua kimo cha maji katika nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja, unapata mteremko wa uso wa maji, na mteremko ndio unaokuonyesha uchafu utaelekea wapi. Viwili havitoshi. Bomba la plastiki lenye nyufa nyembamba hushushwa, mchanga safi ukajazwa kulizunguka, kisha juu pakazibwa kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, ili maji ya mvua yasipenye kandokando ya bomba na kuharibu vipimo.

Kuchota nako kuna adabu zake. Maji yaliyolala bombani hutolewa kwanza. Sampuli hujazwa kwenye chupa ya mililita 40 mpaka pomoni, kisibaki hata kiputo cha hewa, maana benzini, mojawapo ya kemikali za petroli, ni nyepesi kuruka na itakimbilia humo. Asidi kidogo huwazuia bakteria wasiile njiani, chupa hulazwa kwenye barafu, na maabara huwa na siku 14 za kuipima. Anayejaza chupa robo tatu na kuiacha garini juani atapata majibu ya kufurahisha sana.

California walikuwa wanayajua haya yote. Walichokuwa wakikitafuta zaidi, hata hivyo, ni benzini. Hiyo huyeyuka kwa shida, gramu 1.8 hivi kwa lita ya maji, hunatanata kwenye udongo, na bakteria huila. Mwaka huohuo wa 1995, ripoti ya maabara ya Lawrence Livermore kuhusu matangi yaliyovuja California ilionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ulimi wa benzini, yaani maji machafu yanayoenea ardhini, hauendi mbali zaidi ya mita 80 hivi kutoka kwenye tangi. Ukiiamini picha hiyo, utachimba visima vyako karibu na tangi, na utavifanya vifupi, kwa sababu petroli huelea.

MTBE ina tabia nyingine. Iliongezwa kwenye petroli ili iungue vizuri zaidi, na baada ya sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1990 ilifika asilimia 11 hivi ya ujazo katika petroli ya miji mingi yenye hewa chafu. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha gramu 50 hivi. Haishiki udongo, bakteria huila kwa kusuasua, hivyo husafiri karibu kwa kasi ya maji yenyewe. Mvua ikiongeza maji juu na pampu kubwa ikivuta kutoka chini, ulimi huzama. Kisima kifupi kitaonyesha maji safi huku uchafu ukipita chini yake.

Huko Charnock msako ulilazimika kupanuka: mamlaka ya mazingira ya Marekani na bodi ya maji ya Los Angeles zilihesabu vyanzo takribani 30 vya kutiliwa shaka ndani ya kilomita mbili, yakiwemo mabomba ya kusafirishia petroli. Na jambo ambalo wengi hulisahau: pampu za mji zikizimwa, mteremko wa maji hubadilika, na ramani ya jana haifai tena.

California ilipiga marufuku MTBE kwenye petroli kuanzia 2004. Maji ya Charnock yalirudi mabombani baada ya takribani miaka 15, yakichujwa kwa mkaa maalumu. Kwa maoni yangu, vifaa havikukosea popote. Waliokosea ni waliochagua mahali, kina na kemikali.

Nawe uliyechimba kisima kirefu jirani na sheli, ukiletewa cheti cha maabara chenye neno "hakuna", tafuta kwenye karatasi hiyo orodha ya kemikali zilizopimwa na kina cha maji yaliyochotwa. Visipoandikwa, omba maji yapimwe upya.