Hongera, Fundi wa Bodi

Sifa za gari la zamani huishia kwenye rangi. Mimi nampongeza fundi anayelala chini yake. Volkswagen Beetle, mshindi wa Safari Rally mwaka 1962, huoza sakafu hasa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, inapokaa betri: tindikali ikimwagika, bati huliwa. Fundi wa kweli habandiki kiraka juu ya kutu. Hukaza vyuma vya kushikilia bodi isipinde, hukata mpaka penye chuma kizima, kisha huchomelea sakafu mpya kwenye uti wa kati, nukta kwa nukta, joto lisikunje bati. Gari lisilo na paa la bati huimarishiwa mihimili ya pembeni. Zulia litafunika yote, lakini abiria wako salama. Mafundi, hongereni sana!