Anguko la Edeni Lilivyojengwa na Milton

Mwandishi anayesimulia kisa ambacho kila msomaji anaujua mwisho wake ana mtihani mgumu, na kisa cha bustani ya Edeni ni cha namna hiyo. Katika Kitabu cha Mwanzo, majaribu yote yanakwisha ndani ya aya sita za kwanza za sura ya tatu: nyoka anauliza, Hawa anajibu, nyoka anabisha, tunda linaliwa. Hatuambiwi nyoka alipata wapi ulimi wa kusemea wala Adamu alikuwa akiwaza nini alipopokea tunda.

Mwaka 1667 mshairi Mwingereza John Milton alichapisha Paradise Lost, utenzi ambao katika toleo la 1674 una vitabu 12 na mistari zaidi ya 10,000. Anguko lenyewe limewekwa katika kitabu cha tisa, kirefu kuliko vyote, chenye mistari 1,189. Mistari yote hiyo inafanya kazi gani?

Kwanza tutazame umbo. Miaka mingi kabla ya utenzi huu, Milton aliandika mipango ya kukigeuza kisa cha Adamu kuwa tamthilia. Tamthilia hiyo haikukamilika, lakini mifupa yake ipo katika kitabu cha tisa. Mwanzoni mwa kitabu msimulizi anatangaza kwamba sasa anageuza sauti kuelekea tanzia. Kisha wahusika wanaingia na kutoka kama jukwaani: Shetani peke yake usiku, mume na mke asubuhi, nyoka na Hawa karibu na adhuhuri, Hawa peke yake, halafu Hawa na Adamu tena. Kila onyesho lina mazungumzo au uzungumzi nafsia wake. Milton alikuwa kipofu kabisa tangu 1652 na kazi hii aliiimla kwa mdomo, kwa hiyo si ajabu kwamba nguvu yake iko katika kusema na kusikiliza.

Vina navyo hakuvitumia, na mshika arudhi wa Kiswahili angeliita shairi lake guni. Milton alilitetea jambo hilo katika maelezo mafupi yaliyotiwa kwenye nakala za baadaye za toleo la kwanza. Bila kina cha kuifungia sentensi mwishoni mwa mstari, hoja inaweza kutambaa mistari saba au minane kabla ya kutua. Katika kinywa cha nyoka, urefu huo ni silaha: msikilizaji anapofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umekwisha kumponyoka.

Kazi ya matayarisho inaanza mbali. Katika kitabu cha nne malaika wanamkuta Shetani amejikunyata mfano wa chura sikioni mwa Hawa aliyelala. Katika kitabu cha tano Hawa anasimulia ndoto aliyoota: ameshawishiwa na kula tunda lililokatazwa. Adamu anamtuliza kwamba ovu laweza kupita akilini na lisiache doa iwapo mwenye akili hakuliridhia. Maneno hayo ya faraja ndiyo kanuni ya utenzi mzima: wazo si dhambi, dhambi ni ridhaa. Baadaye malaika Raphael anakuja kuwaonya, na mazungumzo yake na Adamu yanaendelea hadi mwisho wa kitabu cha nane. Kwa hiyo taharuki ya Milton haimo katika kuuliza kama Hawa atakula, maana hilo linajulikana. Imo katika kuuliza ni katika hatua ipi hasa atakaporidhia.

Hatua ya kuwatenganisha mume na mke ndiyo nyongeza kubwa kuliko zote. Mwanzo hakisemi walitengana. Milton anatunga ubishi wa asubuhi. Hawa anapendekeza wagawane kazi ya bustani, kwa kuwa wakiwa pamoja hutazamana na kuchekeana hata kazi ikalala. Adamu anamwonya kuhusu adui. Hawa anaona uaminifu wake umetiliwa shaka. Adamu anajieleza, anaonya tena, mwishowe anamruhusu aende, naye anaahidi kurudi adhuhuri. Hakuna aliyetenda dhambi hapo. Kugawana kazi si kosa, kujali heshima si kosa, na kumpa mwenzio uhuru si kosa. Ila usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umefunguliwa kwa maneno ambayo kila mmoja wetu angeyasema nyumbani kwake.

Nyoka naye, aliyeingiwa na Shetani, haanzi na tunda. Anaanza na sifa. Hawa anastaajabu kusikia mnyama akinena, na swali la kwanza la maana analiuliza yeye: umewezaje kusema? Jibu la nyoka ni kwamba alikula tunda fulani. Basi tunda linaingia katika mazungumzo kama jibu la udadisi wa Hawa mwenyewe. Anapofikishwa kwenye mti anatambua ni ule uliokatazwa na anataja amri. Hapo nyoka anajiinua kama msemaji wa Athens au Roma ya kale na kupanga hoja zake: mimi nilikula na sikufa, bali nilipanda daraja, Mungu akikudhuru kwa kutafuta maarifa hatakuwa wa haki, na asiye wa haki si Mungu, basi hana wa kumwogopa. Ngazi imesimama imara isipokuwa kidato cha chini. Nyoka hakula kitu. Hawa hamtaki athibitishe, na msomaji naye, akiwa anafuatilia utamu wa hoja, huenda asikumbuke kuuliza. Mhakiki Stanley Fish, katika kitabu chake cha 1967, alijenga nadharia yake juu ya jambo hili: kwamba Milton anamtega msomaji ateleze, kisha ajishike.

Baada ya hapo Hawa anazirudia hoja zile zile kwa sauti yake, kana kwamba yeye ndiye aliyezifikiria. Ni saa ya adhuhuri, njaa imempata, harufu ya tunda iko karibu. Kitendo chenyewe kinapewa maneno machache sana: mkono, tunda, kinywa, halafu dunia inahisi jeraha. Baada ya mamia ya mistari ya maneno, ufupi huo unagonga kwa kishindo.

Anguko la Adamu limejengwa kinyume. Amemsubiri mkewe huku akimsukia taji la maua, na anaposikia habari taji linamdondoka mkononi. Anazungumza moyoni kwanza, na humo humo anaamua kwamba hataachana naye. Ndipo anapofungua kinywa kutafuta sababu: huenda Mungu asiwaangamize, nyoka mbona yu hai. Kwa Hawa hoja zinatangulia uamuzi. Kwa Adamu uamuzi unatangulia hoja. Mgawanyo huu unatokana na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, unaosema Adamu hakudanganywa. Aliyekijua kisa kwa njia ya Kurani ataiona tofauti mara moja, kwani katika Surat Al-A'raf Shetani anawatia wasiwasi wote wawili na wanateleza pamoja.

Je, ujenzi huu una nyufa? Zipo mbili. Shetani wa vitabu viwili vya kwanza ana ufasaha na ukaidi wa shujaa, kiasi kwamba mshairi William Blake alidai Milton alikuwa upande wa Ibilisi bila kujua. Pili, Adamu anapokula, msimulizi anakatiza kwa hukumu ya haraka kwamba ameshindwa na uzuri wa mwanamke. Tukio tulilolisoma punde linaonyesha zaidi ya hapo: mapenzi, na hofu ya kubaki peke yake. Msimulizi amelipunguza alilolitunga mwenyewe.

Hata hivyo, somo la ufundi limebaki pale pale. Milton hakubadili tukio hata moja kuu la kisa alichorithi. Alichofanya ni kutafuta mahali Mwanzo kiliponyamaza na kujaza hapo sababu ambazo mtu mwema angeweza kuzikubali. Mtunzi wa leo anayetaka kurudia visa vya manabii au ngano za kwao asihangaike kubuni mwisho mpya. Atafute ukimya uliomo ndani ya kisa, aanzie hapo.