Vasektomi: Maelezo Nusu, na Mzigo Unaobaki kwa Mke

Ukiuliza kuhusu vasektomi, yaani kufunga uzazi kwa mwanaume, majibu utakayopata yanafanana sana. Utaambiwa si kuhasiwa. Utaambiwa ni operesheni ndogo ya dakika chache, unaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Halafu utaambiwa kwamba mwanaume anayekubali ni shujaa.

Maelezo haya hutolewa kwa nia njema, na hakuna hata moja ambalo ni uongo mtupu. Tatizo langu nayo ni kwamba yanaishia njiani. Na kile kinachoachwa nje, mara nyingi anayekuja kukilipia sio mwanaume aliyefanyiwa, ni mke wake. Twende hoja moja baada ya nyingine.

1. "Si kuhasiwa"

Ni kweli kabisa. Lakini mtu aliyekua akiona mafahali wakihasiwa na kuwa maksai ukimwambia "si kuhasiwa" tu, neno litakalobaki kichwani ni lile lile la kuhasiwa. Hofu haiondoki kwa kukanushwa, inaondoka mtu akielewa kinachotokea mwilini.

Sasa kinachotokea ni hiki. Korodani zina kazi mbili: kutengeneza mbegu na kutengeneza homoni ya testosteroni. Mbegu hupita kwenye mirija miwili, mmoja kila upande. Testosteroni haipiti humo, inaingia moja kwa moja kwenye damu. Vasektomi inakata na kuziba ile mirija ya mbegu tu. Njia ya damu haiguswi. Kwa hiyo sauti, ndevu na hamu ya tendo la ndoa havina sababu ya kubadilika kwa upande wa homoni.

Na manii je? Sehemu kubwa ya majimaji hayo hutoka kwenye tezi dume na vifuko vya manii, ambavyo viko mbele ya mahali mirija inapokatwa. Mbegu zenyewe ni asilimia chache tu za ujazo wote, kwa hiyo kwa macho huwezi kuona tofauti. Mbegu zinazoendelea kutengenezwa huvunjwavunjwa na kufyonzwa na mwili, kazi ambayo mwili ulikuwa unaifanya hata kabla kwa mbegu ambazo hazikutoka.

Aya mbili tu. Kwa nini zisiwepo kwenye kila kipeperushi?

2. "Dakika chache, umemaliza"

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo hasa. Operesheni inaisha kweli ndani ya dakika chache, ila uwezo wa kutungisha mimba hauishi siku hiyo. Mbegu zilizokwishapita mahali pa kukata bado zipo njiani, na zinahitaji muda kuisha. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na njia nyingine ya uzazi wa mpango kwa takriban miezi mitatu, kisha kupima manii kwa darubini. Mpaka kipimo kionyeshe mambo yako sawa, wewe bado unaweza kumpa mtu mimba.

Sasa chukua mwanaume ambaye hakuambiwa hivyo, au aliambiwa harakaharaka wakati akili yake yote iko kwenye sindano ya ganzi. Mwezi wa pili mke anashika mimba. Mume anajua moyoni kwamba "alishafunga". Swali litakalofuata unalijua: hii mimba ya nani?

Sentensi moja iliyosahaulika kliniki inamfanya mwanamke mwaminifu kuwa mshtakiwa nyumbani kwake. Vikao vitaitwa, ndugu watakuja, na hakuna atakayekumbuka kuuliza kama mume alirudi kupima.

Hata baada ya kipimo kuonyesha hakuna mbegu, bado kuna uwezekano mdogo, kama mmoja kati ya 2,000, wa mimba kutokea baadaye kwa sababu mirija inaweza kujiunga yenyewe. Ni nadra sana, na ndiyo maana vasektomi inahesabiwa miongoni mwa njia za uhakika zaidi tulizonazo. Ila nadra sio sifuri. Kabla ya kumtuhumu mtu, pima tena.

3. "Haina maumivu"

Tangu 1974, daktari Li Shunqiang wa Sichuan, China, alipobuni njia ya kutoboa tundu dogo kwenye ngozi badala ya kupasua kwa kisu, utaratibu huu umekuwa mwepesi zaidi. Mtu anapigwa ganzi, na mara nyingi hahitaji kushonwa. Ukilinganisha na mwanamke kufungwa kizazi, ambako daktari lazima afike ndani ya tumbo, tofauti ni kubwa.

Lakini kuvimba kidogo na kuuma kwa siku kadhaa ni jambo la kawaida. Na mwongozo wa wataalamu wa mfumo wa mkojo wa Marekani unasema asilimia 1 hadi 2 ya wanaume hupata maumivu ya muda mrefu yanayosumbua maisha yao. Mtu mzima anaweza kuambiwa hilo na bado akakubali. Asipoambiwa, halafu akawa mmoja wa hao wachache, mtaa mzima utaisikia hadithi yake, na kipeperushi hakitaweza kuijibu.

Kuna pia hofu ambayo tunaipuuza eti ni ujinga: je, nikifiwa na mtoto? Nikioa tena? Huo sio ujinga. Operesheni ya kurudisha ipo, lakini haina uhakika, na kadiri miaka inavyopita matumaini hupungua. Anayesitasita kwa sababu hiyo ameelewa vizuri maana ya njia ya kudumu, na jibu lake halali linaweza kuwa "bado".

4. "Shujaa"

Takwimu za Umoja wa Mataifa za 2019 zilionyesha wanawake wapatao milioni 219 duniani wakitegemea kufungwa kizazi, na milioni 16 tu wakitegemea vasektomi ya mwenzi wao. Mama aliyemeza vidonge, akachoma sindano, akaweka kijiti, akavumilia hedhi kuvurugika miaka 15, hakuna aliyemuita shujaa. Mume akilala kitandani robo saa, makofi!

Shida ya ushujaa ni kwamba shujaa hadaiwi kitu baada ya tendo lake. Lakini vasektomi inadai: kuvaa kondomu ile miezi mitatu, kurudi kupima, kumuonyesha mwenzako majibu. Kuwajibika kwenyewe ndiko huko, na huko hakuna makofi.

Tusisahau pia kwamba kusukuma watu kuna gharama. India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, mamilioni ya wanaume walifungwa uzazi, wengi kwa shinikizo au kulazimishwa. Imani ikivunjwa hivyo, hairudi kwa kampeni.

Kwa hiyo wewe, au mwenzako, mkifikiria njia hii, nendeni wote wawili na mtoke na majibu ya maswali manne: Tutumie nini mpaka kipimo? Kipimo ni lini, na wapi? Maumivu yakizidi turudi kwa nani? Tuna uhakika hatutaki mtoto mwingine? Na kumbukeni, vasektomi haizuii magonjwa ya zinaa.

Mhudumu akiwajibu "msijali, ni rahisi tu", ulizeni tena.