Mzuka na Taharuki: Mfano wa Juliasi Kaizari

Taharuki ni mojawapo ya mbinu ambazo watahiniwa huzitaja kwa wepesi na kuzieleza kwa shida. Mwanafunzi akikumbana na kisa chenye mzuka, huandika kwamba kuna taharuki kwa sababu mzuka unatisha, kisha akaishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Mzuka hutisha kutokana na namna msanii anavyoutayarishia njia. Makala haya yanalidhihirisha jambo hili kwa kurejelea tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, ambayo tafsiri yake ya Julius Nyerere ilichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1963.

Onyesho tunalolikusudia linafunga sehemu ya nne. Brutus yumo hemani karibu na Sardis, usiku. Amegombana na Cassius na kupatana naye. Mkewe, Portia, amefariki. Wageni wanapoondoka, msanii anaanza kupunguza vitu kimoja baada ya kingine: kwanza watu, kisha sauti, hatimaye mwanga. Walinzi wanalala. Kijana Lucius anapiga ala yake, usingizi unamchukua, muziki unakatika. Brutus anaiondoa ala hiyo mikononi mwa kijana isije ikavunjika. Anafungua kitabu na kutafuta ukurasa aliokuwa ameukunja. Hayo ni mambo ya kawaida kabisa, na humo ndimo mna siri ya onyesho. Msomaji hutulia pamoja na Brutus, na aliyetulia ndiye ashtukaye. Hapo ndipo mshumaa unapofifia.

Mzuka wa Kaizari hausemi mengi. Unaahidi kukutana na Brutus huko Philippi, kisha unatoweka. Ahadi hiyo fupi inaibeba taharuki ya sehemu nzima ya tano, kwani jeshi linapoelekea Philippi, hadhira inajua kuwa Brutus anakwenda kutimiza miadi. Aidha, Brutus anawaamsha waliolala na kuwahoji; hakuna aliyeona chochote. Je, ni mzuka kweli au ni dhamiri ya muuaji inayomsuta? Shakespeare halijibu swali hilo moja kwa moja, na shaka hiyo inatukereketa kuliko mzuka wenyewe.

Yawezekana mtu akadai kwamba mzuka ukionekana waziwazi na kusema sana, taharuki hufa. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) inatuonya tusiharakishe kulikubali dai hilo. Babu anamjia mjukuu wake, K, mtu wa tabaka la wakubwa, akamwongoza katika safari ya kuyakabili maisha yake na hali ya wanyonge. Hofu hapa haitokani na giza. Inatokana na yale ambayo Babu anayajua kumhusu K. Taharuki haijafa, imehama kutoka swali la nini kitatokea hadi swali la nini kitafichuliwa.

Darasani, basi, mwalimu awatake wanafunzi waorodheshe kile kinachoondolewa kabla mzuka kuingia, na kile kinachoachwa bila jibu baada ya kutoweka. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha mahali mshumaa ulipofifia, na kwa nini ulifikia hapo, ameielewa taharuki. Anayelitaja jina lake tu bado hajaanza kuhakiki.