Neno Moja na Namba: Tulivyomaliza kwa Zamu Nne

Codenames, mchezo wa Mcheki Vlaada Chvátil uliotoka 2015 na kutwaa tuzo ya Spiel des Jahres ya Ujerumani mwaka uliofuata, unasifiwa kwa ufundi wa maneno. Ufundi upo, lakini mimi naona hesabu ndiyo inayoanza. Mezani kuna maneno 25. Timu inayoanza inatafuta 9, ya pili 8. Maneno 7 ni ya wapita njia, na moja ni la muuaji, ambalo ukiligusa timu yako imeshindwa papo hapo. Wakuu wawili wa majasusi ndio pekee wanaoona rangi za maneno. Kila mmoja, zamu yake ikifika, huipa timu yake dokezo: neno moja, na namba ya maneno ya mezani linayoyalenga.

Sasa piga hesabu. Kila timu ikipata maneno mawili kwa zamu, wa pili anamaliza 8 yake kwa zamu nne. Aliyeanza anahitaji tano, na hiyo ya tano hataiona. Kwa hiyo anayeanza lazima apate matatu angalau mara moja, na mkuu wake ajue hilo kabla hajafungua mdomo.

Juzi tuliucheza mtandaoni, wengine wakiwa Dar es Salaam, wengine Unguja, mmoja Muscat. Kiungo kilitumwa kwenye kundi la WhatsApp, sauti zikapita kwenye simu ya kundi, na maneno tukayaandika wenyewe kwa Kiswahili. Sisi ndio tulioanza. Tisa yetu: mbuzi, nazi, kanga, barua, daftari, kitanda, mto, pweza, ngalawa. Muuaji alikuwa tembo.

Tazama mkuu wetu alivyobanwa. Kwa mbuzi, "pembe" ingekuja haraka, lakini tembo naye anazo. Kwa nazi, "mnazi" haliruhusiwi, maana nazi imo ndani yake. Na hata lingeruhusiwa, tembo la mnazi linajulikana pwani nzima. Njia zote mbili zilimwelekea muuaji. Akasema: "Kukuna, mbili." Nazi hukunwa, na kinachoikuna ni mbuzi. Tembo hakuguswa hata kwa mbali. Kwangu hilo ndilo dokezo bora la mchezo mzima, na ubora wake uko katika kile lilichokiacha nje.

Wapinzani wakapata mawili.

Zamu ya pili mkuu wetu alitaka "tandika", akaliacha kwa kuwa mzizi wake ni ule ule wa kitanda. Kiswahili kinanyambulisha sana, kwa hiyo tulikubaliana mapema kwamba mzizi ulioko mezani hautumiki kwa umbo lolote. Kundi lisiloamua hilo mwanzoni litagombana katikati. Akasema "Usingizi, mbili." Kitanda tukakipata. Mto ulikuwa jirani na ziwa, sote tukaona maji, hakuna aliyekumbuka mto wa kulalia. Tukasimama. Kusimama kunaruhusiwa ukishakisia mara moja, na ni heri kuliko kumpa mpinzani neno lake.

Wapinzani mawili tena: manne kwa matatu yetu.

Hapo ndipo ikaja tatu tuliyodaiwa: "Maandishi, tatu." Barua na daftari hazikuwa na ubishi. La tatu lilitugawa kati ya shule na kanga. Walioona ndege walitaka shule, ambalo lilikuwa la wapinzani. Rafiki yetu wa Unguja ndiye aliyeuliza: kanga gani isiyo na jina? Tukabonyeza kanga, likawa letu.

Kanuni inakupa kisio moja zaidi ya namba uliyotajiwa, na wengi huliacha lipotee. Kazi yake ni kulipa deni la zamu zilizopita. Hapa mtandao unasaidia kuliko meza, kwa sababu madokezo yote hubaki yameandikwa kwenye skrini: "Usingizi, mbili" lilikuwa bado linasomeka, na moja halijalipwa. Tukachukua mto. Saba kwa manne.

Muda wote huo mkuu wetu alikuwa amezima kipaza sauti chake. Ningependa kila kundi lifanye hivyo. Kwenye simu, kuguna kidogo tu kunatosha kuvujisha jibu.

Kosa la wapinzani lilikuja hapo. Walibakiza manne, sisi mawili, na pweza na ngalawa zilikuwa wazi mezani mbele ya macho ya mkuu wao. Zamu ya nne kwake ilikuwa ndoto. Alipaswa kutafuta dokezo la maneno manne, hata likiwa limelegea, au la matatu lenye nafasi ya kubahatisha moja juu yake. Akatoa la mawili, safi kabisa, kwa kuwa mawili yalikuwa yamemfaa tangu mwanzo. Wakapata yote mawili, wakafika sita. Mkuu wetu akasema "Mvuvi, mbili", na mchezo ukaisha.