Hongereni, Walimu wa Fasihi wa Handeni na Korogwe

Kwenu mnaofundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita, Handeni na Korogwe mkoani Tanga: hongereni, na asanteni.

Kazi yenu haihitaji maabara. Inahitaji chaki, ubao na kitabu kinachopita mikono mingi mpaka jalada linachanika. Kwa kitabu hicho, msichana aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge ya Korogwe anakutana na waziri mla rushwa wa Chinua Achebe, katika riwaya ya A Man of the People ya mwaka 1966, na kugundua kwamba uroho wa madaraka hauna kabila. Kijana wa Handeni, ambaye nyumbani husema Kizigua na mtaani Kiswahili, anajifunza kutetea hoja kwa lugha ya tatu. Huo si mzigo mdogo, nanyi mnaubeba pamoja naye.

Wanafunzi wa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) husoma lugha hizo mbili bega kwa bega, na hapo ndipo utamu ulipo. Mwalimu Nyerere alituonesha njia: alitafsiri kwa Kiswahili Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na mkoa huuhuu wa Tanga ndio uliomzaa mshairi wa Kiswahili, Shaaban Robert.

Kila mnapomwambia mwanafunzi, “Nioneshe kitabuni,” mnamfundisha kutosema asichoweza kukithibitisha.