Kicheko na Lugha ya Afande: Idi Amin katika Tamthilia na Filamu

Msomaji wa Kongo afunguapo tamthilia ya Wole Soyinka iitwayo A Play of Giants, iliyotoka mwaka 1984, hakosi kumtambua mtu wa nyumbani. Mambo yanatukia mjini New York, katika ubalozi wa nchi ya kubuni iitwayo Bugara. Madikteta watatu wameketi mbele ya mchongaji wa sanamu, na wa nne anawasili baadaye. Kamini ndiye Idi Amin wa Uganda, Kasco ni Bokassa, Gunema ni Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta, na Tuboum ni Mobutu. Hatubahatishi, kwani mwandishi mwenyewe anawataja katika utangulizi wake.

Kicheko cha tamthilia hii ni kikali, nasi hatukikatai. Mkuu wa benki ya taifa anathubutu kumweleza Kamini kwamba noti zikizidi kuchapwa hazitakuwa na thamani kuliko karatasi za chooni. Adhabu yake ni kuzamishwa kichwa katika bakuli la choo. Lakini ukichunguza chanzo cha kicheko kinachomfuata Kamini ukurasa hata ukurasa, utaona kwamba si ukatili wake tu. Ni Kiingereza chake. Anakosea nyakati za vitenzi, haelewi aambiwayo, naye msomaji aliyehitimu shule hujiona bora kuliko yeye. Kwa upande mwingine Gunema, ambaye matendo yake yanatisha zaidi, anapewa nafasi ya kufafanua ladha ya mamlaka kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Gunema hachekwi. Tunasikiliza kimya, kana kwamba sarufi iliyonyooka humpunguzia mtu hatia.

Kasoro hiyo si ya Soyinka peke yake. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu juu ya Amin, naye Amin mwenyewe akiwa mshiriki wake mkuu, hata muziki wa kodiani unaosikika ndani yake ni wake. Haikumpendeza ilipotolewa: aliwakusanya raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda, akawafanya mateka mpaka Schroeder akubali kukata sehemu alizozichukia, nazo zilirudishwa baada ya kuanguka kwake. Lililo zito zaidi katika filamu hiyo, kwa maoni yetu, ni kikao cha baraza la mawaziri. Amin anawahutubia mawaziri wake kwa Kiingereza cha kujikwaa, nao wanaandika daftarini kama watoto wa shule. Mtazamaji anaanza kutabasamu. Kisha anaambiwa kwamba waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga, aliyekuwa akikemewa hapo, aliuawa muda si mrefu baadaye na maiti yake ikaonekana katika mto Nile. Tabasamu linabaki usoni bila mahali pa kwenda. Katika hilo Schroeder amemzidi Soyinka.

Riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, The Last King of Scotland, na filamu ya Kevin Macdonald iliyotokana nayo mwaka 2006, hazihitaji maneno mengi hapa. Forest Whitaker alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Amin, na aliistahili. Hata hivyo tunamwona Amin kwa macho ya daktari wa Scotland ambaye hakuwahi kuwako duniani, na Waganda wanabaki pembeni katika msiba wao wenyewe.

Kazi zote hizi zinamsikiliza Amin hasa katika lugha aliyoijua kwa shida. Lakini alikuwa na lugha nyingine. Aliingia katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946, na jeshi hilo liliongozwa kwa Kiswahili cha kambini, kifupi, chenye amri nyingi. Mwaka 1959 alipandishwa cheo akawa effendi, cheo cha juu kuliko vyote ambavyo Mwafrika aliweza kupewa wakati huo. Neno hilo la Kituruki ndilo lililotuzalia “afande”. Na mwaka 1973 ni Amin huyo huyo aliyetangaza kwa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa ya Uganda. Wanafunzi wetu wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa maana wamezoea kuhusisha siasa ya Kiswahili na jina la Nyerere tu.

Tusizidishe, lakini. Kiswahili kilipingwa Buganda tangu miaka ya 1920, kabla Amin hajajulikana, kwa sababu zilizohusu ardhi, utawala na heshima ya Kiganda. Tena jeshi la Tanzania lililoingia Kampala Aprili 1979 na kumwondosha lilisema Kiswahili vilevile. Kwa hiyo mkazi wa Kampala aliamriwa alale chini kwa Kiswahili, akaambiwa ainuke kwa Kiswahili. Mkanganyiko huo ni mali tupu kwa mtunzi wa tamthilia. Hakuna hata kazi moja kati ya hizi iliyoushika. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini sheria haifuti kumbukumbu ya sikio.

Sisi tusomao mambo haya Kongo tunayo sababu ya kulifuatilia jambo hili. Kwa muda mrefu huku mashariki na Katanga tulizoea kuisikia Lingala kama sauti ya askari wa Mobutu, tukasahau kwamba ni lugha ya akina mama sokoni na ya nyimbo tulizozicheza sisi wenyewe. Mei 1997 zamu iligeuka: wapiganaji wa AFDL waliingia Kinshasa wakisema Kiswahili, na neno “afande” likasikika katika mitaa ambayo haikulijua. Mkazi wa Kinshasa aliyelisikia kwa mara ya kwanza siku hizo hakulipokea kutoka kwa mwalimu wala kitabuni. Alilipokea kutoka kwa kijana mwenye bunduki, kama Mganda alivyolipokea kabla yake. Tamthilia juu ya Tuboum itakayoandikwa na Mkongomani ingeweza kuanzia hapo, kizuizini barabarani, usiku, kati ya watu wawili wanaotafuta lugha ya kuelewana.